Mti Usiohesabiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeotesha katika ardhi kila namna ya mmea kwa kipimo chake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu zetu, wako kati yenu watakaostaajabu kuona kurasa hizi, zilizozoea kusema juu ya sala na zaka na malezi ya watoto, leo zasema juu ya miti. Twawaomba mtusome mpaka mwisho, kisha mtuhukumu mpendavyo.

Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri tulitoka katika darasa letu la Mji wa Kale, watu kumi na mmoja, wazee kwa vijana, tukenda Mama Ngina, ile njia ya ufuoni ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Azania Drive. Nia yetu ilikuwa ndogo: kuhesabu mibuyu. Kijana mmoja alikuwa ametuuliza darasani, tukiwa katikati ya tafsiri, swali hili: ikiwa mbuyu mmoja wa kisiwa hiki utaanguka usiku wa leo, ni nani katika Mombasa atakayejua kesho kwamba umepungua? Hakuna aliyemjibu. Basi tukagawana makundi matatu, kila kundi lipite njia ileile peke yake na kuhesabu, kisha tukutane.

Tulipokutana tulikuwa na hesabu tatu, na hakuna moja iliyolingana na nyingine. Kundi la kwanza walihesabu mashina mawili yaliyoungana chini kuwa miti miwili. Kundi la pili walisema ni mmoja. Wengine waliiacha iliyo ndani ya nyua za watu, wengine waliitia. Na kundi la tatu walikiri, baada ya kubanwa kidogo, ya kuwa walisimama kunywa madafu na wasikumbuke tena walikuwa wamefika wapi.

Tulicheka, walakin kicheko chetu kilikuwa na haya ndani yake. Sisi ni watu tunaosifika kwa kuhifadhi. Twaijua hadithi pamoja na watu walioipokea, mmoja baada ya mmoja, hata kufika kwa Mtume (S.A.W.). Twaijua nasaba ya jirani hata babu wa saba, tukitaka kumposea mtoto wetu. Lakini mti ulio mkubwa kuliko nyumba, tunaoupita kila jioni ya kupunga upepo, hatujui ni mingapi. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am ya kuwa haliporomoki jani lolote illa Yeye analijua. Hatukukalifishwa kuyajua majani. Hiyo ni ilimu yake. Mashina je?

Huenda mtu akasema: mbuyu si mti adimu, uko Kilifi, uko Ukambani, uko Tanganyika yote. Ni kweli. Lakini mibuyu ya kisiwani imezungukwa na maji pande zote, na ndani ya maji imezungukwa na majumba. Wajuzi wa mimea watwambia kwamba ua la mbuyu hufunguka magharibi na kuishi usiku mmoja tu, na popo ndio waendao kutoka mti hata mti wakichukua ule unga wa maua. Na mbuyu hauzai vyema kwa unga wake wenyewe, wataka unga wa mwenziwe. Kwa hiyo mti uliobaki peke yake ni kama mzee aliyefiwa na jamaa zake wote: yu hai, walakin ukoo umekoma. Nasi tulitafuta miche katika sehemu tuliyoipita tusiione. Pengine ilikuwapo na hatukuijua, maana mche wa mbuyu haufanani na mzaziwe. Majani yake ya kwanza ni moja moja, wala hayana vidole kama kiganja. Watoto wetu wanayajua mabuyu yale mekundu ya sukari yauzwayo madukani; mti wenyewe wengi hawawezi kuuonyesha. Nasi watu wazima, kama mlivyoona, hatukuwapita kwa mengi.

Sasa twaja kwenye neno lililo zito, na ndilo lililotutia kuandika.

Tuliporudi tulikaa barazani Kibokoni kunywa kahawa, na mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza akasema: "Nyinyi wanangu mlituambia ndani ya mbuyu hamna jini. Mmesema kweli. Lakini tangu jini atoke, nani aliyeingia mahali pake? Ameingia shoka."

Ndugu zetu, hatukuwa na jawabu ya haraka. Yajulikana kwamba watu wa mji huu walikuwa wakipeleka ubani na marashi kwenye mnara wa Mbaraki na chini ya mibuyu, wakafunga vitambaa, wakaomba watoto na riziki kwa asiyeweza kutoa. Walioyapiga vita mambo hayo walifanya wajibu wao, nasi twasema kama walivyosema: anayeuomba mti amemshirikisha Mola wake, na hapana udhuru katika hilo. Walakin tukubali pia upande wa pili wa khabari. Ile hofu ya uongo ilikuwa imeweka mlinzi wa kweli. Mtu hakuthubutu kuukata mti ule, wala kuchoma taka shinani pake, wala kuupigilia misumari ya matangazo. Tulipoiondoa hofu tulifanya vyema. Kosa letu ni kwamba tuliondoka tukapaacha mahali patupu, tukadhani kazi imekwisha. Hatukuwaambia watu: mti huu hauna jini, lakini una Mwenyewe aliyeuumba, na nyinyi ni waangalizi wake mtakaoulizwa.

Wako wanaoshika shoka kwa hoja ya Sayyidna Umar (R.A.). Imepokewa katika Tabaqat ya Ibn Saad kwamba alisikia watu wakiuendea mti wa Bai'atur Ridhwan kuswali chini yake, akaamrisha ukatwe. Na katika Sahih Bukhari imepokewa kwa Said bin Al-Musayyib, kutoka kwa babake aliyekuwa miongoni mwa waliotoa ahadi chini ya mti ule, ya kuwa walipokwenda mwaka uliofuata hawakuweza kuutambua tena. Maulamaa wamesema mengi juu ya kuzipatanisha khabari mbili hizi, wala si mahali pake hapa. Tuchukue kwamba Umar aliukata. Aliukata mti mmoja, kwa sababu moja iliyojulikana. Hakulifyeka bonde zima. Na Umar huyuhuyu ndiye aliyeitenga nchi ya Sharaf na Rabadha kuwa hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, kama Mtume (S.A.W.) alivyoitenga Naqii kabla yake, na kama alivyoiharimisha Madina hata miti yake isikatwe. Tena Umar hakutosheka kutenga. Aliweka mtu wa kuitazama, naye ni huria wake aliyeitwa Hunayy. Basi anayemshika Umar kwa shoka na ammalizie: amtafute na Hunayy.

Mjue pia Umar alimwusia nini mtu huyo. Kwa maana, si kwa lafudhi, alimwambia ajichunge na dua ya mwenye kudhulumiwa, na amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache; ama matajiri wenye mifugo mingi, hao wasimshughulishe, kwani mifugo yao ikifa wana mashamba ya kurejea. Wasia huu twauweka moyoni, tutaurejea.

Kwa mwenye kutaka kujua yatokeayo mti adimu usipotazamwa, si lazima aende mbali. Nyuma ya Kilifi, katika nchi ya Wachonyi, kuna mahali paitwapo Mwarakaya. Mwaka 1977 wajuzi wa mimea waliona huko mti mrefu ambao haukuwa umeandikwa popote, nao baadaye ukaja kuitwa kwa jina la kitaalamu Karomia gigas. Ni katika ukoo mmoja na mrehani wanaouvaa wake zetu, na mmoja na msaji uliochongewa milango. Tunda lake limezungukwa na kitu chembamba kama karatasi, mfano wa taa ndogo. Walichukua tawi, wakaliandika, wakaenda zao. Watu waliporudi mwaka 1993 kuutazama, walikuta umekatwa. Hatumlaumu aliyeukata. Kwake yeye ulikuwa mti kama miti mingine, na hakuna aliyempa khabari. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili ilipita miaka 16, na katika miaka hiyo mti ule haukuwa na Hunayy.

Ingedhaniwa basi kwamba umekwisha duniani. Lakini Mwenyezi Mungu alikuwa ameuweka mwingine mahali pengine, Kilwa, nchi ambayo wazee wetu wa Mombasa walikuwa wakienda na kurudi kwa jahazi. Katika miaka ya tisini ulionekana huko katika msitu wa Mitundumbea, kisha ukapotea tena machoni mwa wajuzi, mpaka mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona. Si msitu wa miti hiyo. Ni miti michache iliyotengana na wenziwe wote, haifiki hata thelathini. Tangu hapo hali yake ikageuka, wala si kwa muujiza. Watumishi wa misitu wa Tanzania waliwekwa kuitazama, wajue ni lini yachanua na ni lini tunda laiva, ili mbegu zikusanywe kabla hazijaoza. Mwaka 2018 mbegu kwa maelfu zilipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri, katika mji wa St. Louis, Marekani. Nyingi zilikuwa zimeharibiwa na kuvu, wala hazikuota. Zilizoota ni chache sana, lakini zimeota. Tazameni tofauti: pwani moja, mti mmoja, upande huu haukutazamwa ukawa kuni, upande ule ukatazamwa ukapata watoto.

Na huku kwetu Kenya wako wengine wa hali hiyo. Uko Gigasiphon macrosiphon, wenye maua makubwa meupe, ambao haupatikani katika Kenya illa katika misitu michache ya Kwale, na Kaya Muhaka ni mmojawapo. Makaya ya Mijikenda yamebaki misitu kwa sababu wazee wake waliyaharimisha kwa mila zao. Nayo baadhi yake yaliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Na Makumbusho ya Taifa ya Kenya tangu mwaka 1992 yana kitengo maalumu cha kuhifadhi misitu ya pwani. Sisi hatuafiki ibada zifanywazo makayani. Lakini Mwislamu apitaye nje ya kaya na kuona msitu umesimama, kisha akarudi mjini akaona kiwanja cha wakfu kimefyekwa hata mkwaju wa kivuli haukusazwa, na ajiulize ni nani kati ya wawili hawa aliyeitunza amana.

Mtu mwingine atasema: kutazama na kuhesabu ni kazi ya Wazungu na vyuo vyao. Huyo twamkumbusha Abdullah bin Rawaha (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimtuma Khaybar kuikadiria mitende, atazame matunda yakiwa bado mtini na aseme yatatoka kiasi gani, na maulamaa wa fiqhi wakaiita kazi hiyo kharsi, wakaiwekea milango katika vitabu vyao. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba wenyeji walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie hesabu, naye akayakataa. Kuhesabu mti kwa haki ni kazi aliyoifanya sahaba. Na wazee wetu wenyewe walihesabu: minazi iliandikwa katika hati za wakfu na za mirathi, shina kwa shina, na mtu aliweza kumiliki minazi hali ardhi ni ya mwingine. Walihesabu kwa sababu mnazi una bei. Mti usio na bei haukuhesabiwa na mtu, na huo ndio upungufu wetu sisi tulioambiwa kwamba apandaye mti, akala ndege au mnyama au mwanadamu, huandikiwa sadaka. Ndege katika hadithi ile hakulipa kitu.

Basi tulimwendea mtu aliyesomea mambo haya, akatufundisha jinsi ifanywavyo, nasi twayaandika kwa ufupi. Kila mti hupewa namba yake, ikaandikwa juu ya kipande cha bati, nacho kikafungwa kwa namna isiyoudhuru. Mahali pake huandikwa wazi hata mgeni aweze kuufikia. Shina hupimwa kwa kamba kwa kimo cha kifua, ambacho wao wamekiweka kuwa mita 1.3 kutoka ardhini, na hupimwa mahali palepale kila mwaka. Na kwa mbuyu alituonya zaidi: hunywa maji ukanenepa mvua zikija, ukapungua kiangazi, kwa hiyo apimaye mwaka huu masika na mwaka ujao kaskazi atajidanganya. Kisha huandikwa je, umechanua? umezaa? chini yake kuna mche? una jeraha la panga au la moto? Na juu ya yote huandikwa tarehe na jina la aliyeona kwa macho yake.

Hapo mmoja wetu, mwanafunzi wa hadithi, akaruka kwa furaha: hii ni isnadi! Na ni kweli. Khabari ya mti isiyo na mwenye kuipokea haina uzito. Tuliposema kwa miaka kwamba mibuyu ya mji yaisha, tulikuwa tukisema maneno ya barazani. Yatazameni ya mikoko. Boriti za dari za nyumba zetu zote za kale ni mikoko, na kila mtu alisema mikoko ya hori la Tudor yapungua, na hakuna aliyeshtuka. Mpaka wataalamu walipolinganisha hali ya mwaka 1992 na ya mwaka 2009 wakakuta zaidi ya asilimia 80 imeondoka. Maneno ya baraza yalikuwa kweli, walakin hayakuwa ushahidi, na hakimu hahukumu kwa maneno ya baraza.

Tulisema tutarejea kwa wasia wa Umar. Mwaka 2022 huko Kilifi mibuyu minane iling'olewa na mizizi yake kutoka mashamba ya watu ipelekwe ng'ambo kupamba bustani ya tajiri, na mwezi wa Novemba wa mwaka huo Rais wa Kenya akaagiza ichunguzwe kama leseni ilikuwa sawa. Kelele zilikuwa nyingi, na lawama nyingi zilimwendea mkulima aliyepokea fedha. Sisi twaona lawama hiyo haikuwa na insafu. Mkulima mwenye shamba dogo, mbuyu umemzibia jua la mahindi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mti wake una thamani illa yule aliyekuja na fedha mkononi: huyu ndiye mwenye kondoo wachache ambaye Hunayy aliambiwa asimbane. Vivyo hivyo mama mwenye kuokota kuni, na kijana mwenye kuchoma mkaa kwa kukosa kazi. Ulinzi wa miti ukianza kwa kumpiga maskini na kumwachia mwenye kujenga ghorofa afyeke apendavyo, basi ni dhulma iliyovaa kanzu nzuri. Abu Daud amepokea onyo kali juu ya mwenye kukata mkunazi, akaeleza kwamba makusudio ni mkunazi wa jangwani, ambao msafiri na mnyama wapata kivuli chake, akaukata mtu kwa upuuzi na dhulma pasi na haki yake. Maneno "pasi na haki" yasituponyoke. Kuna na kukata kwa haki.

Mzee wa Kibokoni tulimwendea tena tukamsomea haya kabla ya kuyatoa. Alisikiliza, akasema yeye hajui kusoma namba za bati, lakini aujua mbuyu ambao chini yake alitahiriwa nduguye, na mwingine uliokuwapo akiwa mtoto na sasa haupo, na yuko tayari kutuonyesha mahali pake. Tumemwandika kuwa mpokezi wa kwanza.

Kwa hiyo twawaarifu ndugu zetu kwamba Jumamosi ya kwanza ya Mfunguo Tano, inshallah, baada ya sala ya alasiri, tutaanza kazi hii upya na kwa utaratibu, kutoka upande wa kivuko cha Likoni kwenda mnara wa taa. Miti iliyo ndani ya nyua tutabisha hodi na kuomba ruhusa. Asiyetoa ruhusa tutamshukuru na kuandika kwamba hakutoa. Atakayekuja na alete kamba isiyonyumbuka na kalamu, na mwenye watoto awalete. Akina mama wana kundi lao, na wao ndio watakaotazama miche, maana tuliona siku ile kwamba macho yetu wanaume hayatazami chini. Madafu yatanyweka baada ya hesabu, si kabla. Daftari limekwisha nunuliwa, na namba 1 itakuwa ni mbuyu ulio wa kwanza mtu akitoka kivukoni.